Kumnyamazisha Mtoto na Kumtuliza

Katika semina za wazazi zinazofanyika sharikani, swali moja limekuwa likirudi kwa namna mbalimbali: je, ni dhambi kumpa mtoto mdogo simu ili atulie? Wanaouliza si watu wazembe. Ni akina mama wenye mtoto mgongoni na sufuria jikoni, akina baba wanaofika nyumbani saa mbili usiku baada ya kusimama kwenye daladala njia nzima, na akina bibi wanaolea wajukuu ambao wazazi wao wako mbali. Wanataka jibu fupi. Tungeweza kusema ndiyo, au hapana, na kila jibu lingepata watu wa kulipigia makofi. Lakini tunaona swali lenyewe lifunguliwe kwanza, kwa sababu mzigo wake wote umebebwa na neno la mwisho: atulie.

Kiswahili kimetupa maneno mawili hapa, nasi huyachanganya mara nyingi. Kumnyamazisha mtoto ni kuikomesha sauti yake. Kumtuliza ni kuushusha moyo wake. Mtoto anaweza kunyamazishwa kwa kofi, kwa pipi, kwa kutishiwa zimwi, au kwa kioo chenye katuni. Akinyamaza, jirani aliye upande wa pili wa ukuta hawezi kujua kama ametulizwa au amenyamazishwa tu. Mtoto mwenyewe anajua. Katika insha hii tunashikilia jambo moja: mtoto anatudai kutulizwa, na simu haiwezi kulilipa deni hilo kwa niaba yetu, ijapokuwa inaweza kumnyamazisha kwa haraka kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia nyumbani mwetu.

Yale yanayojulikana

Tuanze na yale ambayo wataalamu wa afya wameyasema. Mwezi Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya umri wa miaka mitano. Mwongozo huo unasema mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, iwe televisheni au simu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja pia haishauriwi. Kuanzia miaka miwili hadi minne, muda usizidi saa moja kwa siku, na ukiwa chini ya hapo ni heri zaidi. Katika mwongozo huohuo imeelezwa kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kucheza na kujongea kila siku, na kwamba wa miaka mitatu na minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13. Mambo haya yamewekwa pamoja kwa sababu siku ya mtoto ni moja. Saa inayokwenda kwenye kioo imetolewa mahali fulani, iwe kwenye kukimbia uani, kwenye usingizi au kwenye mazungumzo.

Wazazi wengi hawakuhitaji mwongozo kutoka Geneva ili waone yanayotokea sebuleni kwao. Mtoto wa miaka mitatu ananyang'anywa simu na kujitupa chini kana kwamba ameumwa na siafu. Mwingine hali chakula mpaka awekewe video. Mwingine akiitwa jina hageuki. Usiku macho yanabaki makavu hadi saa nne, na asubuhi anaamshwa kwa shida, akiwa na hasira tangu anavalishwa.

Hata hivyo tuwe waangalifu, kwa sababu hofu nayo hupotosha. Watoto wa miaka miwili na mitatu walijitupa chini kwa hasira tangu zamani, kabla umeme haujafika kijijini. Si kila tabia ngumu imetoka kwenye simu. Tena, mara nyingine mambo huenda kinyume na tunavyodhani: mtoto aliyezaliwa na moyo wa haraka, anayelia sana, ndiye anayepewa simu zaidi, kwa kuwa wazazi wake wamechoka zaidi. Na mtoto anayechelewa kusema, au asiyeitika akiitwa, apelekwe kliniki akapimwe masikio na makuzi yake. Kumwambia mama yake mbele za watu kwamba simu yake ndiyo iliyomharibu mtoto ni kumbebesha hatia ambayo huenda si yake, na kumchelewesha mtoto kupata msaada.

Pamoja na tahadhari hiyo, liko jambo linaloonekana wazi zaidi kadiri utafiti unavyoendelea. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuatilia watoto 422 wenye umri wa miaka mitatu hadi mitano. Watafiti waliuliza ni mara ngapi mzazi humpa mtoto simu au kompyuta ndogo kwa kusudi la kumpoza anapokasirika. Walikuta kwamba pale njia hiyo ilipotumika mara kwa mara, baada ya miezi kadhaa baadhi ya watoto walikuwa wepesi zaidi wa kuwaka, hasa wavulana na wale waliokuwa na hamasa nyingi tangu mwanzo. Yaani watoto waliohitaji zaidi kujifunza kutulia ndio waliopata hasara kubwa kwa kunyamazishwa.

Akiba ya mtoto

Kwa nini iwe hivyo? Mtoto haji duniani akijua kutulia. Anajifunza, na anajifunza kwa kutulizwa na mtu mwingine mara nyingi mno. Analia, anabebwa, anapigwapigwa mgongoni, anasikia sauti anayoifahamu ikimwita, na taratibu pumzi yake inafuata pumzi ya aliyembeba. Siku moja, akiwa na miaka minne au mitano, ataanguka uwanjani, atakunja uso, atameza mate na kuinuka mwenyewe. Hapo anatumia akiba aliyowekewa na waliombeba.

Mtunga Zaburi ya 131 aliijua njia hii. Alipotafuta mfano wa nafsi iliyotulia mbele za Mungu, alimchagua mtoto aliyekwisha kuachishwa kunyonya, akiwa kifuani pa mama yake. Tukiipita picha hii haraka tutaikosa maana yake. Mtoto aliyeachishwa ameshapita siku za kilio. Alitaka ziwa, hakupewa, akalia, na mama hakuondoka. Sasa anaweza kukaa kifuani palepale bila kudai chochote. Amenyimwa jambo moja huku akishikwa na mtu yuleyule aliyemnyima, na utulivu wake umetoka huko.

Kioo hakiwezi kufanya kazi ya namna hiyo. Video za watoto zimekatwakatwa ili picha ibadilike kila baada ya sekunde chache, na moja ikiisha nyingine hujianzisha yenyewe. Mtoto hafikishwi mahali pa kunyimwa. Hasira yake haikushushwa, imefunikwa, na kitambaa kikiondolewa tunaikuta ilivyokuwa, au imekua. Wanaotengeneza mitambo hiyo hawamchukii mtoto wetu. Hawamjui hata kwa jina. Wanawauzia watangazaji muda ambao macho ya watu yamekaa kwenye kioo, na macho ya mtoto wa miaka miwili huhesabiwa sawa na mengine.

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Wengi tumezoea kuisikia methali hii ikitumiwa kuhalalisha fimbo. Lakini haisemi neno lolote kuhusu kupiga. Inamzungumzia mtu mzima anayeogopa kilio, na mtu huyo ana njia nyingi za kukikimbia. Anayempiga mtoto mpaka anyamaze na anayempa simu mpaka anyamaze wanafanana katika jambo hili: wote wawili hawakuweza kukaa na kilio. Kwa hiyo mzazi asijisifu kwamba nyumbani kwake hakuna simu kwa watoto, ikiwa kimya cha nyumba hiyo kinaletwa na mkanda.

Uso unaoitika

Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani wakiongozwa na Patricia Kuhl walichapisha matokeo ya jaribio dogo lenye fundisho kubwa. Watoto wa miezi tisa, waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza, waliletwa mara 12 kucheza na mtu aliyezungumza Kichina. Baada ya hapo waliweza kutofautisha sauti za lugha hiyo ambazo kwa kawaida Mwingereza hazisikii vizuri. Watoto wengine wa umri uleule waliwekewa watu walewale, wakisema yaleyale, kwenye televisheni. Hawakujifunza kitu. Sauti ilikuwa ileile. Kilichokosekana ni mtu anayemtazama mtoto, anayengoja, anayecheka mtoto anapocheka.

Jaribio lingine ni la miaka ya 1970, la Edward Tronick. Mama aliombwa acheze na mtoto wake mchanga, kisha kwa dakika chache akae palepale akimtazama bila kubadilisha uso, bila kutabasamu wala kusema. Mtoto hutabasamu ili amrudishe mama. Hunyosha mikono, hupiga kelele. Akiona haitikiwi, huanza kulia au hugeuza uso wake pembeni. Mama yupo, hajaenda popote, lakini kwa mtoto ametoweka.

Jambo hili linatuhusu sisi watu wazima na simu zetu wenyewe. Mwaka 2014 watafiti wa Boston walitoa taarifa ya walichokiona katika mikahawa, ambako waliwatazama watu wazima 55 wakila pamoja na watoto. Kati yao 40 walitumia simu wakati wa chakula. Baadhi walizama kabisa, na watoto wao walipoongeza vituko ili watazamwe, wengine walijibiwa kwa ukali. Tunapozungumzia athari za kioo kwa tabia ya mtoto, tusihesabu kioo alichoshika mtoto peke yake. Tuhesabu na kile kilicho mkononi mwa baba.

Kwa Wakristo, uso si jambo dogo. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 6, Haruni na wanawe waliagizwa namna ya kuwabariki watu, na moyo wa baraka ile ni uso: kwamba uso wa Mungu uwaangazie na uwaelekee. Tunaipokea baraka hiyo mwisho wa ibada tukiwa tumeinamisha vichwa. Lakini mtu atajuaje maana ya kuelekewa na uso wa Mungu ikiwa miaka yake ya kwanza alitazama mwanga usiomwona? Hatusemi kwamba Mungu anashindwa kumfikia mtoto wa namna hiyo. Neema haizuiwi na televisheni. Tunasema kwamba mzazi amepewa heshima ya kuwa uso wa kwanza, na mtoto hujifunza kwa uso huo kwamba kuita kuna maana kwa sababu yupo anayeitika.

Waliotaka kimya

Sura ya 10 ya Injili ya Marko ina habari mbili ambazo hatuzisomi pamoja mara nyingi. Katika ya kwanza, watu wanamletea Yesu watoto wadogo na wanafunzi wanawakemea. Katika ya pili, kipofu Bartimayo anapaza sauti kando ya barabara ya Yeriko na umati unamkemea ili anyamaze. Mara zote mbili waliotaka kimya walikuwa watu wa karibu na Yesu, na mara zote mbili walidhani wanamsaidia. Yesu aliwachukia wanafunzi kwa tendo lao, akawakumbatia watoto na kuwawekea mikono. Kwa Bartimayo alisimama, akaagiza aitwe, kisha akamwuliza anataka afanyiwe nini.

Hapo ndipo tunapoliona jambo la kimaadili katika swali letu. Kilio cha mtoto mdogo, na hata tabia yake mbaya, ni swali linaloelekezwa kwa mtu. Huenda anauliza kama bado anapendwa baada ya mdogo wake kuzaliwa. Huenda ana njaa, au usingizi, au homa inayoanza, au amechoka kukaa ndani. Kumwuliza anataka nini si kumpa kila anachotaka. Mama wa Zaburi ya 131 hakumpa mtoto ziwa. Ni kukubali kwamba ameuliza. Simu hulifuta swali kabla hatujalisikia. Tukiendelea hivyo siku baada ya siku, mtoto ataacha kuuliza, nasi tutasema ametulia.

Mama asiye na wa kumpokea mtoto

Hapa tumefika penye ugumu wenyewe. Ni rahisi kuyaandika hayo yote. Lakini yuko mama anayeamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa maandazi, mwenye watoto watatu, chumba kimoja na jiko la mkaa lililo sakafuni. Mafuta yanachemka. Mtoto wa miaka miwili akitambaa kuelekea jikoni ataungua. Mama anamwekea katuni kwa dakika 40, naye anakaa kitandani salama. Ni nani atakayemwambia kwamba ametenda dhambi?

Sisi hatumwambii hivyo. Kumlinda mtoto na moto ni upendo, na kioo hapo kimefanya kazi ya kamba au uzio. Lakini pia hatumwambii kwamba ni sawa tu, kana kwamba mtoto wake anahitaji uso kidogo kuliko mtoto wa mwenye yaya. Mahitaji ya watoto hawa wawili ni yaleyale. Ikiwa jambo ni haki ya mtoto, na mtu mmoja hawezi kulitimiza peke yake, deni halifutiki. Linahamia kwa wengine. Mkono mmoja haulei mwana. Methali hii si ushauri wa kupendeza. Inaeleza mgawanyo wa wajibu.

Nasi katika Kanisa tumeukubali wajibu huo hadharani. Mtoto alipoletwa kwenye ubatizo, wazazi na wadhamini waliahidi mbele ya usharika, na usharika ulimpokea. Wangapi kati yetu tulio wadhamini tumewahi kumbeba mtoto yule tena baada ya picha kupigwa? Jumuiya hukutana nyumba kwa nyumba, na mama hupongezwa kwa sala. Lakini sala ikiisha, je, yupo anayesema: mama, nitampitia mtoto kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi mpaka umalize kukaanga? Saa mbili za mzee mstaafu aliyekaa na mtoto chini ya mwembe zina thamani kuliko mahubiri mengi juu ya malezi.

Upo upande mwingine tusioupenda kuusema. Kazi ya kutuliza imeachwa kwa wanawake karibu yote. Mtume Paulo anapoandika Waefeso 6:4 anawaelekea akina baba, akiwaonya wasiwachokoze watoto wao na kuwataka wawalee. Baba anayelalamika kwamba mke wake anawaachia watoto katuni, naye mwenyewe amekaa nje akitazama mpira hadi saa tano, amelalamikia matokeo ya kutokuwepo kwake.

Yaliyo mema

Haki inatudai tuseme pia yaliyo mema. Hapa Tanzania kuna vipindi vilivyotengenezwa kwa kumfikiria mtoto. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam limekuwa likitoa Ubongo Kids tangu 2014, na Akili and Me kwa ajili ya wadogo zaidi. Utafiti uliofanyika Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 uliwakuta watoto walioangalia Akili and Me wakiwa mbele ya wenzao katika kuhesabu, kutambua maumbo na kuchora. Kwa watoto wengi ambao hawana chekechea karibu, hiyo ni baraka. Vilevile madaktari wa watoto wa Marekani, katika ushauri wao wa mwaka 2016, waliowataka wazazi wawaepushe watoto wa chini ya miezi 18 na vioo, walitenga jambo moja: kuzungumza na ndugu kwa video. Mtoto anayemwona bibi yake wa Bukoba akimwita jina na kumchekea anaangaliwa na uso unaoitika, ijapokuwa umesafiri kwa simu.

Mifano hii haivunji hoja yetu, inaieleza vizuri zaidi. Kipindi kinachofundisha humfaa mtoto wa miaka minne, hasa kaka au dada akikaa naye na kumwuliza: umeona nini, ngapi hizo? Kinaisha, naye anatoka nje kuhesabu mawe. Kipindi hichohicho kikitumika kama kizibo cha kilio kila siku, hata kikiwa cha hadithi za Biblia, kimekuwa kinyamazishi. Kuweka Nuhu na safina kwenye kioo hakuondoi tatizo ikiwa lengo letu ni mtoto asitusumbue.

Kimya kingine

Liko jambo la mwisho, na kwa watu wa imani huenda ni kubwa kuliko mengine. Katika 1 Samweli 3 mtoto Samweli amelala hekaluni usiku. Anaitwa, naye anamkimbilia mzee Eli, akidhani ndiye aliyemwita. Anarudishwa kulala. Inatokea mara tatu. Eli ni mzee, macho yake hayaoni vizuri, na ameamshwa usiku. Hakumkemea mtoto. Kila mara alimjibu, na mara ya tatu akafahamu kwamba Bwana ndiye anayemwita, akamfundisha namna ya kuitika. Eli huyuhuyu alishindwa kuwazuia wanawe waliokuwa wakifanya uovu, na sura hiyohiyo inasema hivyo waziwazi. Lakini usiku ule alifanya lililo sahihi kwa mtoto wa mwingine.

Samweli alisikia kwa kuwa palikuwa na kimya, na alielewa kwa kuwa palikuwa na mtu. Watoto wetu wanahitaji vyote viwili. Mtoto anayejazwa picha tangu anapofumbua macho hadi anapoyafumba hakutani na kimya kile ambamo mtu husikia moyo wake, hutunga michezo, huuliza nyota zimetundikwa na nani. Mtoto akisema hana la kufanya, tusikimbilie kumpa kitu. Tumwache kidogo. Baada ya muda tutamkuta na kifuniko cha chupa, fimbo na hadithi ndefu. Kimya hiki hakifanani na kile kinacholetwa na simu.

Tufanye nini

Kumbukumbu la Torati 6 inawaagiza wazazi kuyanena maneno ya Mungu na watoto wao wakiwa wamekaa nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Ukizitazama saa hizo, ndizo hasa ambazo kioo kimezichukua: mezani, safarini, kabla ya kulala na asubuhi. Basi tunaweza kuanza hapo, kwa kuzirudisha saa hizo kwanza, kabla ya kuhesabu dakika.

Wakati wa chakula simu zote ziwekwe mahali pamoja, na za watu wazima zitangulie. Saa moja kabla ya kulala televisheni izimwe, nafasi yake ichukuliwe na hadithi, wimbo na sala fupi. Mtoto mwenye ruhusa ya kutazama aambiwe mwisho kabla ya kuanza: kipindi hiki kimoja, kisha tunazima. Kikiisha, azimwe na mtu aliye karibu naye, si kwa amri kutoka chumba kingine. Atalia. Siku za kwanza atalia sana. Mzazi akae naye pale sakafuni, asimpige, asimrudishie simu, asimhubirie. Aseme kwa sauti ya chini kwamba anajua anaitaka, na imekwisha. Huku ndiko kuachishwa kunyonya kwa mara ya pili, na kwa wengine ndio mwanzo wa akiba ambayo haikuwekwa mapema.

Usharika nao una sehemu yake. Mtoto akilia katikati ya mahubiri, vichwa vinavyogeuka kwa hasira ndivyo vinavyomfundisha mama kutoa simu kwenye mkoba. Mzee wa kanisa aliye karibu angeweza kumpokea mtoto na kumtembeza nje, mama akabaki kusikia Neno. Shule ya Jumapili isigeuzwe kuwa chumba cha katuni kwa kuwa walimu ni wawili na watoto ni 80. Waongezwe walimu, na vijana wa kipaimara waingizwe zamu.

Tukirudi kwa wale waliouliza kama ni dhambi kumpa mtoto simu ili atulie, tunawajibu hivi. Kumpa simu si dhambi kwa jina lake. Lakini mtoto hatatulia kwa hiyo, atanyamaza. Kuna siku ambazo kunyamaza kunatosha, kwa sababu mafuta yanachemka au mama ana homa, na Mungu anaziona siku hizo. Zisiwe siku zote. Na siku ambazo mzazi mmoja hawezi, mlango wake ugongwe na mmoja wetu, asiye na la kusema ila kwamba amekuja kumchukua mtoto.